Baba Wawili: Friedrich Kapp na Wajerumani Waliohama

Hotuba niliyoitoa jioni ya Jumamosi mbele ya Waswahili wa hapa Hamburg. Nimeinyoosha kidogo kwa ajili ya wale waliokosa kuja.

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, na ninyi wanangu mliojibanza huko nyuma karibu na sambusa, habari za jioni.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie uhamiaji. Nikamuuliza, uhamiaji wa nani? Akacheka: "Wa kwetu, mzee, wa nani tena?" Leo namkatalia kidogo. Wa kwetu tunauzungumza kila tukikutana, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye foleni ya kibali cha kuishi. Nataka tuzungumze kuhusu wao. Wajerumani nao walihama, tena kwa mamilioni, na wengi wao walipandia meli hapahapa tulipo. Na yupo mmoja aliyehama nao, akatulia upande wa pili wa bahari, akaandika historia yao. Anaitwa Friedrich Kapp. Kama hamjamsikia si kosa lenu. Hata wenyeji ukiwatajia jina hilo wanamkumbuka mwanawe, na mwanawe hakumbukwi kwa wema. Tutamfikia.

Mimi si profesa. Nilifundisha historia Tanga kabla ya kuja huku, na huku nimefanya kazi za ghala hadi mgongo ukasema basi. Nilipostaafu nikawa na asubuhi nyingi zisizo na shughuli, nikaanza kusoma orodha za abiria. Mji huu unatunza orodha za watu waliosafiri kutoka bandarini kwake tangu 1850 hadi 1934. Bremen nao walikuwa na zao, lakini kwa miaka mingi makarani walizitupa kwa kukosa mahali pa kuziweka, na karibu zote zilizosalia zikapotea vitani. Za Hamburg zipo. Ule mwandiko wao wa kizamani ulinitesa, maana herufi "e" inafanana na "n", nikawa nasoma majina yasiyowahi kuwepo duniani. Baadaye macho yakazoea. Unashuka na safu ya kazi: kibarua, kibarua, fundi cherehani, kibarua, mtumishi wa ndani, kibarua. Unahamia safu ya umri: 34, 31, 9, 6, 4, na mwishoni miezi kadhaa. Huyo ni baba, mama na watoto wanne, mstari kwa mstari, na mahali waendako pameandikwa New York.

Kapp alisimama kwenye ncha ya pili ya mstari huo, pale New York, akiwapokea.

Nitayapitia maisha yake haraka. Alizaliwa mwaka 1824 mjini Hamm, Westphalia, baba yake akiwa mkuu wa shule. Akasoma sheria. Mwaka 1848 mapinduzi yalipozuka, vijana wasomi wakidai katiba na nchi moja badala ya vifalme lukuki, naye akaingia. Mapinduzi yakashindwa. Akakimbilia Brussels, kisha Paris, akaishi kwa kumfundisha mtoto wa Alexander Herzen, mkimbizi mwenzake kutoka Urusi. Mwaka 1850 akavuka bahari. New York akawa wakili, akawa mwandishi wa magazeti, akapambana na utumwa kwa kalamu na jukwaani. Mwaka 1854 alitoa kitabu kuhusu suala la utumwa Marekani, na mwaka 1860 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa jimbo la New York waliompigia Lincoln kura ya urais. Miaka kumi tu tangu ateremke melini! Wangapi humu tuna miaka kumi hapa na bado tunaulizwa tutarudi lini?

Sasa niende taratibu, maana hapa ndipo penye nyama.

Tangu 1847 jimbo la New York lilikuwa na Tume ya Wahamiaji. Makamishna wake hawakulipwa mshahara, na marais wa vyama viwili vya wahamiaji, cha Waairishi na cha Wajerumani, walikuwa na viti vyao humo. Kapp aliteuliwa kamishna mwaka 1867, akatumikia hadi 1870. Kituo chao cha kupokelea watu, kuanzia 1855, kilikuwa Castle Garden, ngome ya zamani ya duara pembeni kabisa mwa Manhattan, iliyokwisha kugeuzwa ukumbi wa muziki. Kabla ya kituo hicho, mhamiaji aliyeshuka New York alipokewa na nani? Na Mjerumani mwenzake. Mjerumani mwenzake aliyemsalimu kwa lafudhi ya kijijini kwao, akamnyang'anya sanduku kwa tabasamu, akampeleka kwenye nyumba ya wageni ambayo bei yake asubuhi si ile ya jana usiku, akamuuzia tiketi ya treni isiyofika popote. Kama uliwahi kushuka stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, alfajiri, mpiga debe mmoja kashika begi na mwingine kakushika mkono, huhitaji maelezo zaidi. Tofauti ni kwamba wa Ubungo alitaka upande basi lake tu. Wa New York alitaka akiba ya shamba lililouzwa.

Castle Garden ililifungia kundi hilo nje. Meli ilikaguliwa kwanza karantini, kisha abiria na mizigo wakaletwa kwa mashua hadi ndani ya ukuta. Humo unaandikishwa jina, utokako na uendako. Mzigo wako unapewa namba. Tiketi ya treni unanunua humohumo, fedha unabadilisha kwa bei iliyotangazwa, na asiyejua kuandika anaandikiwa barua ya nyumbani. Wenye nyumba za wageni waliingia kwa leseni. Wagonjwa walipelekwa hospitali ya Tume kwenye kisiwa cha Ward. Na fedha za kuyaendesha yote zilitoka wapi? Kwenye ada ambayo wenye meli walilipa kwa kila kichwa. Kapp aliyaandika haya kwa Kiingereza mwaka 1870, na ukimsoma unaona furaha ya mtu anayeeleza mtambo anaoujua kila msumari.

Lakini ukurasa nisioweza kuusahau ni wa meli Leibnitz.

Leibnitz ilikuwa meli ya matanga. Ilitoka hapa Hamburg Novemba 1867 ikiwa na abiria 544, wengi wao watu wa Mecklenburg waliokuwa wakielekea Illinois na Wisconsin kulima. Ilifika New York Januari 1868. Kati ya watu hao 544, waliokufa walikuwa 108. Kapp na kamishna mwenzake wakapanda melini wenyewe kuuliza kilichotokea. Daktari hakukuwapo. Watu walikuwa wamepangwa hata kwenye tabaka la chini kabisa, chini ya sitaha mbili, mahali ambapo mwanga hauingii na hewa haipiti, na nahodha alikuwa amepita njia ya kusini kwenye joto. Makamishna waliteremka humo. Waliuliza mmoja mmoja. Zilikuwapo familia zilizokwisha zote. Wakawakuta watoto wadogo, wakawauliza wazazi wao wako wapi. Watoto wakaonyesha baharini kwa kidole, huku wakilia: "Kule chini."

(Hapa ukumbi ulinyamaza, nikanywa maji.)

Nimewasimulia hili kwa sababu wapo wanahistoria wengi wa uhamiaji wanaojua hesabu ya meli na hawajawahi kusikia harufu ya meli. Kapp aliisikia. Mwaka huohuo wa 1868 ndipo alipotoa kitabu chake kikubwa, historia ya uhamiaji wa Wajerumani Marekani, juzuu kuhusu New York. Ninaamini, na hili ni langu, kwamba aliyoyaandika kuhusu watu wa mwaka 1710 aliyaandika akiwa ametoka kuwaona wale watoto.

Maana mwaka 1709 maelfu ya watu wa Pfalz, nchi ya mto Rhein iliyochoshwa na vita na baridi kali ya mwaka ule, walimiminika London. Walikuwa wameona kijitabu kinachosifu nchi za ng'ambo, na uvumi ulikuwa kwamba malkia wa Uingereza anagawa ardhi. Si mnaujua uvumi wa namna hiyo? Mwaka 1710 Waingereza waliwapakia wapatao 3,000 hadi New York, si kuwapa ardhi, bali kuwatia msituni kando ya mto Hudson wakamue misonobari itoke lami ya kupakia meli za kivita. Mamia walikufa njiani na muda mfupi baada ya kufika. Gavana aliwagawa mayatima kwa mabwana wa kuwatumikisha kama wanagenzi. Mradi wa lami ukafa baada ya miaka miwili, watu wakaachiwa njaa, wengine wakatembea kwenye theluji hadi bonde la Schoharie. Mtoto mmoja kati ya waliogawanywa, John Peter Zenger, aliangukia kwa mpiga chapa, akakua akawa mpiga chapa mwenyewe, na kesi yake ya mwaka 1735 bado inatajwa kila wanapozungumza kuhusu uhuru wa magazeti Marekani.

Kabla ya kitabu hicho cha 1868, yaani mwaka 1864, Kapp alikuwa ameandika kuhusu biashara nyingine: watawala wa Kijerumani waliomkodisha mfalme wa Uingereza askari wao wakapigane dhidi ya Wamarekani kati ya 1775 na 1783. Karibu vijana 30,000. Wapatao 12,000 hawakurudi. Mkataba wa Braunschweig, mojawapo ya nchi za watawala hao, ulikuwa na kipengele cha fidia kinachosema majeruhi watatu wahesabiwe kuwa sawa na maiti mmoja. Kapp hakuwa na haja ya kutukana. Alinakili mikataba, akaiacha iseme yenyewe.

Halafu mtu huyohuyo, kwenye kile kitabu cha 1870, akapiga hesabu ya bei ya mhamiaji.

Ndiyo, bei. Alisema hivi: kumlea mtu hadi aweze kufanya kazi kunagharimu. Gharama hiyo imelipwa Ujerumani, faida inaliwa Marekani. Akachukua makadirio ya mtakwimu wa Prussia, akayaongeza maradufu kwa sababu maisha ya Marekani ni ghali, akapata dola 1,500 kwa mwanamume. Mwanamke? Nusu yake, 750. (Mama zangu, guno lenu nimelisikia, nami naguna pamoja nanyi.) Wastani dola 1,125. Kisha akazidisha kwa mamilioni ya walioshuka New York, ili awaonyeshe wanasiasa wa Marekani kwamba yule kibarua mwenye kofia chakavu si mzigo, bali ni fedha inayotembea. Nia yake naielewa. Na sisi hutetewa hivyohivyo siku hizi: bila wao nani atawahudumia wazee, nani ataendesha mabasi? Wanaotutetea ni marafiki zetu. Lakini kila nikisoma ile 1,125 naikumbuka hesabu ya Braunschweig, majeruhi watatu kwa maiti mmoja, na nashangaa mkono ulioandika ya kwanza haukutetemeka ulipoandika ya pili.

Sasa nije kwenye baba.

Katika kitabu cha 1868 Kapp aliandika kwamba mwenye kuhama ameiacha nchi yake, na nchi yake imempoteza. Mtu hawezi kuwa na nchi mbili za baba, kama asivyoweza kuwa na baba wawili. Ama Mjerumani, ama Mmarekani. Yule anayejiita vyote viwili ni kivuko tu, kizazi cha pili hayupo tena.

Nimtendee haki. Hakuyasema haya kwa ukatili. Alikuwa ameona ndoto ya Ujerumani mpya ilivyoua watu Texas, ambako kundi la wakuu na makabaila lilitaka kupanda taifa lao jipya katika miaka ya 1840, likapeleka maelfu ya wakulima, likafilisika na kuwaacha ufukweni wakifa kwa homa. Ami yake alikwenda kulima Texas, na Kapp alizijua habari za huko. Alichoka na viongozi wanaowaambia wahamiaji wabaki kundi moja ili wao wapate watu wa kuongoza. Hapo alikuwa na macho.

Ila mfano wake wa baba, jamani. Huo ni mfano wa mtu aliyezaliwa kwenye lugha yenye baba mmoja. Mimi nimezaliwa Pangani. Nina baba aliyenizaa. Nina baba mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia ada ya shule. Nina baba wadogo wawili, mmoja ni mdogo kwangu kwa miaka mitatu na bado namwamkia. Mjomba simtii kwenye hesabu, ingawa ndiye niliyemwogopa kuliko wote. Ningemwendea Kapp na kumwambia: unasema "baba wawili hawawezekani," mzee, labda kwenu. Kwetu mtoto mwenye baba mmoja tunamwonea huruma.

Na maisha yake mwenyewe yalimpinga. Miaka 20 aliishi New York na historia yake kubwa akaiandika kwa Kijerumani. Mwaka 1870 akafunga virago, akarudi kwa baba wa kwanza, akahamia Berlin na kuwa mbunge wa Reichstag. Alirudi na mke wake na watoto waliozaliwa New York. Mmoja aliitwa Wolfgang, aliyezaliwa 1858, basi alikuwa na umri wa darasa la sita hivi. Kwa kanuni ya baba yake huyu ndiye kizazi cha pili, Mmarekani kamili, kivuko kimekwisha. Mnajua alivyokuwa? Alikuwa Mjerumani kupita Wajerumani wote. Machi 1920 aliingia Berlin akiwa na wanajeshi waasi, akajitangaza kansela, akataka kuizika jamhuri changa. Wafanyakazi wakagoma nchi nzima, taa zikazima, maji yakakatika, na katika siku chache akakimbilia Sweden. Alirudi, akafa mwaka 1922 akisubiri kesi. Mtoto wa mkimbizi wa mapinduzi, mzaliwa wa Marekani, mpinduaji wa kuirudisha nchi nyuma. Siwezi kumlaumu baba kwa ya mwana mwenye miaka 61. Nasema tu kwamba watoto wetu hawasomi vitabu vyetu kabla ya kuamua wao ni nani.

Namalizia na jambo linalotugusa sisi, hasa wa Tanzania.

Mwaka 1879 Friedrich Fabri, mkuu wa chama kimoja cha wamisionari, alitoa kijitabu kikiuliza kama Ujerumani inahitaji makoloni, akajibu ndiyo, tena haraka. Hoja yake kuu ilikuwa hawahawa watu wa Kapp. Mamilioni wanakwenda Marekani na wanatupotea, basi tupate ardhi yetu ng'ambo tuwapeleke huko wabaki Wajerumani. Mwaka uliofuata, kwenye kongamano la wanauchumi hapo Berlin, Kapp alisimama akaipinga. Alikuwa na haki ya kuzungumza kuliko wote ukumbini. Mtu anayehama, alijua, haelekezwi kama mfereji. Huenda penye ndugu yake, penye mshahara, penye barua iliyosema njoo. Serikali haiwezi kumwandikia barua hiyo.

Alikuwa sahihi, na hesabu ipo. Kati ya kuanguka kwa Napoleon na vita vya 1914 Wajerumani zaidi ya milioni 5 walikwenda Marekani. Kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani yote, kutoka Tanga mpaka Kigoma, Waulaya wote kwa ujumla mwaka 1913 hawakufika 6,000. Wale vibarua wa kwenye orodha zangu hawakuja Usambara kulima. Waliokuja ni maofisa na wenye mashamba, na wa kulima tulikuwa sisi, kwa kodi na kwa kiboko. Mahali nilipozaliwa ndipo walipomnyonga Abushiri, aliyepigana nao pwani, Desemba 1889. Vita vya Maji Maji sina haja ya kuwasimulia watu wa Songea mliomo humu.

Sisemi Kapp alipinga makoloni kwa kutuhurumia. Aliyekuwa akimfikiria ni Mjerumani na mfuko wa Mjerumani. Lakini alipinga, na aliyapinga kwa kitu kimoja ambacho Fabri hakuwa nacho, yaani miaka mitatu ya kusimama mlangoni Castle Garden akiwauliza watu wanakwenda wapi.

Alifariki Berlin tarehe 27 Oktoba 1884, akiwa na miaka 60. Majuma matatu hayakutimia, ule mkutano wa kuigawa Afrika ukafunguliwa katika mji huohuo. Na siku aliyokata roho, vijana wa Kijerumani, Carl Peters na wenzake watatu, walikuwa tayari baharini wakiteremka kuelekea Unguja. Mikataba ya kulaghai watu wa Usagara ilikuwa kichwani tu bado. Walikuwa wamekata tiketi kwa majina ya uongo, kwa hiyo ukiipata orodha ya abiria ya meli ile, hutawaona.

Asanteni sana. Chai iko nyuma.